Gari Lililotokea Ghafla: Somo Kuhusu Jicho na Vitu Vinavyokwenda



Katika maelezo yanayoandikwa vituoni baada ya ajali za barabarani, ni nadra kulikosa neno "ghafla". Dereva husema mtoto alitokea ghafla. Mama aliyenusurika husema pikipiki ilitokea ghafla. Mwendesha bodaboda husema lori lilitokea ghafla, ilhali lori hilo lina urefu wa zaidi ya mita 15, barabara ilikuwa nyoofu na jua lilikuwa utosini. Wapo wanaolisikia neno hilo na kulihesabu kuwa udhuru wa mtu aliyebanwa. Sisi tunaoshughulikia uhusiano wa polisi na jamii tumelisikia mara nyingi kiasi cha kujiuliza: je, yawezekana msemaji anasema kweli tupu?

Yawezekana kabisa. Macho yake yalikuwa wazi, gari lilikuwa mbele yake, na bado akili yake haikulitenga gari hilo na mandhari yaliyolizunguka hadi lilipokuwa hatua chache kutoka kwake. Jambo hili lina sababu zake katika umbile la jicho na ubongo wa binadamu, na sababu hizo zimechunguzwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka 150. Tumeona vyema kuzieleza katika toleo hili, kwa kuwa sisi wakazi wa mipakani tunavuka barabara zenye malori mengi, na baadhi yetu huvuka kila siku kutoka nchi ambamo magari hupita kushoto na kuingia nchi ambamo hupita kulia.

Tuanze na kazi yenyewe ya jicho. Picha inayoangukia nyuma ya jicho haina mistari iliyochorwa kuonyesha kwamba hapa mbuzi anaishia na hapa kichaka kinaanza. Ni mabaka ya mwanga na giza na rangi zilizochanganyika. Kuvitenga vitu hivyo kimoja kimoja ni kazi ya ubongo, nao hutumia dalili nyingi: rangi, kingo, vivuli, umbali. Miongoni mwa dalili hizo, mwendo una nguvu ya pekee. Kware akijilaza katika majani makavu, mwindaji aweza kumkaribia hadi karibu kumkanyaga asimwone. Akipiga hatua moja tu, mwili wake wote huonekana kana kwamba umezungushiwa wino. Rangi yake haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba madoa yote ya manyoya yake yalisogea pamoja, ilhali madoa ya majani yalibaki mahali pake. Mwaka 1923 mtaalamu wa saikolojia Max Wertheimer wa Ujerumani alilieleza jambo hili kama kanuni: vitu vinavyokwenda pamoja, jicho huviunganisha na kuviona kuwa kitu kimoja.

Mtaalamu mwingine wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alikuwa ameligusa jambo hilohilo miaka mingi kabla, katika karne ya 19, kwa mfano ambao mkazi yeyote wa kando ya msitu ataujua. Mtu akisimama kimya ndani ya msitu mnene, hasa akifumba jicho moja, matawi na majani huwa fujo moja ya kijani, wala hajui tawi lipi ni la mti upi. Mara tu anapoanza kutembea, fujo hiyo hufumuka. Matawi ya karibu hukimbia haraka, ya mbali husogea polepole, na kila mti hujitenga na mwenzake.

Wanyama wengine wametegemea dalili hii hadi kupita kiasi. Mwaka 1959 Jerome Lettvin na wenzake huko Marekani walichunguza jicho la chura, wakaeleza kwamba chura aliyezungukwa na chakula kisichotikisika atakufa njaa. Nzi asiyesogea, kwa chura, hayupo. Binadamu hakufikia hali hiyo, lakini pembeni mwa jicho letu tunamkaribia chura. Msomaji aweza kujaribu sasa hivi: tazama mbele, nyoosha mkono upande hadi kidole kiwe ukingoni kabisa mwa unachoweza kuona, kisha ukitulize. Kidole hicho karibu kitapotea. Kitikise, nacho kitarudi. Pembe ya jicho haioni sura wala haisomi maandishi. Ni mlinzi wa usiku anayeshtuka anapoona kitu kinakatiza, kisha huliamsha jicho lote ligeuke kutazama.

Kwamba kuona mwendo ni kazi ya pekee katika ubongo, si matokeo tu ya kuwa na macho mazima, kulidhihirishwa na habari ya mwanamke mmoja mgonjwa iliyochapishwa mwaka 1983 na Josef Zihl na wenzake wa mjini Munich. Ugonjwa ulikuwa umedhuru sehemu za nyuma za ubongo wake, pande zote mbili. Aliona rangi, aliona umbo, alisoma. Mwendo tu ndio aliopoteza. Chai aliyomimina aliiona imeganda kama barafu, na hakujua wakati wa kuacha kumimina, kwa hiyo ilifurika. Watu chumbani walikuwa hapa, kisha wakawa pale, pasipo kuwaona wakitembea. Barabarani aliliona gari likiwa mbali, na alipotaka kuvuka, mara gari likawa karibu kabisa. Hatimaye alijifunza kukadiria ujio wa magari kwa kusikiliza ngurumo yao ikikua.

Tunaomba msomaji aikumbuke habari ya mwanamke huyo, maana tutaona punde kwamba katika hali fulani sote tuko kama yeye.

Kabla ya hapo kuna tatizo jingine ambalo ubongo hulitatua kila siku bila sisi kujua. Mtu anayetembea, au aliyepanda bodaboda, huona kila kitu kikisogea: nyumba, miti, vibanda, ng'ombe. Ajuaje basi kwamba nyumba imetulia na ng'ombe ndiye anayekwenda? Ubongo huliamrisha jicho ligeuke na mguu upige hatua, na wakati huohuo huweka hesabu ya amri zake. Mwendo uliosababishwa na amri hizo huuondoa katika hesabu. Unaobaki ndio wa ng'ombe. Ushahidi wake ni rahisi. Fumba jicho moja, kisha ugusie ukingo wa kope la jicho lililo wazi kwa ncha ya kidole, taratibu sana. Dunia nzima itaonekana kuyumba, kwa sababu jicho limesogezwa pasipo amri ya ubongo.

Hesabu hiyo huweza kukosewa. Madereva wanaosubiri katika foleni ya forodha wanaijua vizuri hali hii: lori la jirani linaposogea mbele kidogo, dereva huhisi lake linarudi nyuma, akakanyaga breki kwa nguvu huku magurudumu yake hayajatikisika. Ni jambo lilelile linalotufanya tuone mwezi ukikimbia kati ya mawingu. Karl Duncker alilichunguza mwaka 1929 na kuonyesha kwamba jicho, likikosa dalili nyingine, huelekea kukiona kile kikubwa kinachozunguka kuwa ndicho kilichotulia, na kidogo kilichozungukwa kuwa ndicho kinachokwenda. Dereva wa foleni hadhuriki sana kwa kosa hilo, isipokuwa akiwa na mtu amesimama nyuma ya tela.

Sasa tufike kwenye hatari yenyewe.

Yote tuliyoeleza yanategemea kitu kusogea upande, yaani kukatiza mbele ya mandhari. Lakini je, kitu kinachotujia moja kwa moja? Hicho hakikatizi chochote. Kimebaki mahali palepale machoni petu, mbele ya mti uleule au kilima kilekile, na dalili pekee ya mwendo wake ni kwamba kinakua. Tuone kinakua kwa kiasi gani.

Chukua rula na uishike mbele yako kwa mkono ulionyooshwa, yaani kama sentimita 60 kutoka jichoni. Lori lenye upana wa mita 2.5 likiwa umbali wa mita 200 litachukua milimita 7 na nusu tu za rula hiyo. Tuseme linakwenda kilomita 72 kwa saa, ambazo ni mita 20 kwa kila sekunde. Kama lingekuwa linakatiza mbele yako kwa umbali huohuo, lingesogea sentimita 6 kwenye rula katika sekunde moja, na pembe ya jicho ingeshtuka mara moja. Lakini kwa kuwa linakuja moja kwa moja, katika sekunde hiyo ya kwanza upana wake huongezeka kwa chini ya milimita 1. Ni lori lilelile na kasi ileile. Tofauti ni kwamba lile la kwanza jicho hulitenga bila taabu, na hili la pili karibu haliwezi kulitofautisha na lori lililoegeshwa.

Tuendelee kuhesabu. Baada ya sekunde 5 lori liko mita 100, na upana wake kwenye rula ni milimita 15. Baada ya sekunde nyingine 2 na nusu liko mita 50, milimita 30. Sekunde moja na robo baadaye liko mita 25, na sasa ni milimita 60. Imebaki sekunde moja na robo lifike. Angalia jinsi ukuaji ulivyogawanyika: katika nusu ya kwanza ya muda wote, lori limeongezeka kwa chini ya upana wa kidole kidogo, kisha katika sekunde mbili na nusu za mwisho likalipuka machoni. Mtu aliyesimama kando ya barabara hupita katika hali ileile ya mwanamke wa Munich: lilikuwa mbali, kisha likawa hapa. Anaposema "ghafla", anaeleza kwa uaminifu alichokiona.

Na hilo ni lori. Pikipiki pamoja na dereva wake haizidi sana upana wa sentimita 75. Ikiwa umbali wa mita 50 huonekana na upana wa milimita 9 kwenye rula yetu, ambao ni upana wa lori lililo umbali wa zaidi ya mita 160. Watafiti wameonyesha mara kwa mara kwamba watu hukadiria kuwa kitu kidogo kitachelewa kufika kuliko kikubwa, hata pale kidogo kinapotangulia. Bodaboda, ambayo jina lake lenyewe lilizaliwa hapa mipakani upande wa Busia, wakati baiskeli zilipobeba abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, ndiyo inayodhuriwa zaidi na kosa hili. Dereva wa gari anayeingia barabara kuu huitazama, huiona, huihukumu kuwa mbali, akaingia.

Watoto wako katika hali mbaya zaidi. Mwaka 2011 John Wann na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, tawi la Royal Holloway, walipima uwezo wa watu kuona gari likikua. Waliona kwamba mtu mzima aliweza kutambua kuwa gari lililobakiza sekunde 5 kufika linamjia, hata kwa mwendo wa takriban kilomita 80 kwa saa. Watoto wa shule ya msingi hawakuaminika pindi kasi ilipozidi takriban kilomita 32 kwa saa. Macho yao hayakuwa na ugonjwa wowote, wala hawakuwa wakaidi. Ni kwamba sehemu hiyo ya kuona ilikuwa bado haijakomaa. Mzazi anayemwambia mtoto "vuka ukiona gari halina mwendo" anamtaka atumie uwezo ambao hajapewa bado.

Kwa sababu hiyo, tunapotembelea shule na mabaraza ya vijiji, tunapendekeza mtu asiipime kasi kwa jicho, bali apime mahali. Wakazi wa eneo lenye kivuko wapime mita 200 kila upande na kuchagua alama isiyohama: mwembe, nguzo, kona ya ukuta. Gari lolote lililokwisha kuivuka alama hiyo kuja upande wetu, liwe kubwa au dogo, lionekane linakwenda au limesimama, hatukanyagi lami. Hesabu yake ni nyepesi. Barabara ya upana wa mita 7 humchukua mtu mzima anayetembea kawaida sekunde 6 hivi. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa huzimaliza mita 200 kwa sekunde 7. Mzee mwenye mkongojo, au mtoto aliyebeba ndoo ya maji kichwani, anahitaji alama iliyo mbali zaidi. Mtoto wa miaka 7 hawezi kukadiria mwendo wa lori, lakini anaweza kabisa kusema lori limefika kwenye mwembe au halijafika.

Usiku kuna la ziada. Taa mbili za mbele, zikisogea, hutengana kadiri gari linavyokaribia, na mtengano huo ndio unaotuonyesha ukuaji. Taa moja haina mtengano wowote; ni nukta tu gizani. Lori lililoungua taa moja huonekana kama bodaboda iliyo mbali. Bodaboda mbili zinazokwenda sambamba huonekana kama gari dogo lililo mbali zaidi. Askari wa usalama barabarani anapomsimamisha dereva kwa ajili ya taa moja iliyozimika, na dereva akalalamika kwamba bado anaona njia vizuri, dereva huyo amesahau kwamba taa zile ni zake na za watu wengine pia: wao huzitumia kumpima yeye.

Ndugu zetu wavuvi wa maziwa ya Albert, Edward na Viktoria wanaijua kanuni hii kwa sura nyingine. Taa ya mtumbwi mwingine ikisogea ikilinganishwa na taa za pwani, mtumbwi huo utapita mbele au nyuma yako. Ikibaki palepale huku ikizidi kung'aa, mnakwenda kugongana. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano ya vyombo baharini zinasema hivyohivyo: mwelekeo wa chombo kinachokaribia usipobadilika kwa kiasi cha kuonekana, nahodha ahesabu kwamba hatari ipo. Kinachoonekana kimetulia ndicho cha kuogopwa. Barabarani hali hiyo hutokea penye njia panda, ambapo magari mawili yanayoelekea kukutana hubaki kila moja mahali palepale kwenye kioo cha mwenzake, na mara nyingine hufichwa na nguzo ya kioo cha mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Dereva mwenye busara huinamisha kiwiliwili chake mbele na nyuma kidogo kabla ya kuingia, ili atazame nyuma ya nguzo hiyo.

Tugeukie sasa jambo linalowahusu wakazi wa mipakani peke yao. Hapa kwetu Uganda, kama ilivyo Kenya na Tanzania, magari hupita kushoto. Kongo, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini hupita kulia. Anayevuka mpaka wa Busia, Malaba au Mutukula habadilishi chochote. Anayetoka Mpondwe kwenda Kasindi, Katuna kwenda Gatuna, au Elegu kwenda Nimule, hubadilisha upande kwa mwendo wa hatua chache. Hali ni hiyohiyo kwa ndugu zetu wa Tanzania wanaoingia Rwanda kwa Rusumo au Burundi kwa Kabanga.

Madereva hukumbushwa kwa vibao na kwa mpangilio wa njia. Mtembea kwa miguu hakumbushwi na yeyote, naye ndiye mwenye mazoea yaliyokita mizizi zaidi. Aliyekulia Uganda, akisimama ukingoni mwa barabara, jicho lake hukimbilia kulia, maana huko ndiko yanakotoka magari ya upande ulio karibu naye. Kasindi, magari ya upande ulio karibu hutoka kushoto. Basi mama aliyebeba bidhaa zake hutazama kulia kwa makini, huona pako wazi, akashuka. Lori linalotoka kushoto liko kwenye pembe ya jicho lake. Tulikwisha kusema pembe ya jicho ni mlinzi hodari wa vitu vinavyokatiza. Lakini lori hili halikatizi; linakuja karibu moja kwa moja, na ukuaji wake mdogo ndicho kitu ambacho pembe ya jicho hukitambua kwa shida. Mazoea yamemgeuza upande usio wa hatari, na umbile limemnyima onyo. Hakuna uzembe mkubwa uliofanyika hapo.

Hatari hiyo hukutana na nyingine. Magari yenye usukani wa kushoto huingia kwetu kila siku, na yenye usukani wa kulia huenda kwao. Dereva wa usukani wa kushoto anayepita kushoto hukaa upande wa majani, na akitaka kulipita lori lililo mbele yake hulazimika kutoa karibu gari lote nje ndipo aone kinachokuja. Mwendesha bodaboda anayekutana na gari la namna hiyo asidhani kwamba dereva amemwona kwa kuwa tu yeye amemwona dereva.

Tunashauri hivi kwa anayevuka mpaka kwa miguu. Mara baada ya kupita kizuizi, asimame kwanza na kuyaangalia magari mawili au matatu yakipita, ili jicho lipate mazoea mapya kabla ya mguu. Kisha, kabla ya kuvuka, atazame pande zote mbili kwa utulivu, akihesabu kimoyomoyo hadi tatu kila upande. Si ushauri wa adabu tu huu. Jicho linaporuka kutoka sehemu moja hadi nyingine, ubongo huizima picha wakati wa kuruka. Asiyeamini asimame mbele ya kioo, alitazame jicho lake la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. Hataona kamwe macho yake yakisogea, ingawa mtu aliye kando yake atayaona. Anayegeuza kichwa harakaharaka kulia na kushoto, basi, sehemu kubwa ya alichotazama hakukiona. Na kwa kipimo chetu cha rula, kulitazama lori la mita 200 kwa sekunde moja ni kuona badiliko lisilofika milimita 1. Kwa sekunde tatu ni zaidi ya milimita 3, ambalo jicho huweza kulikamata.

Wengi wetu huanza safari kabla ya alfajiri, siku za soko. Kwao tuna habari njema kutoka Uppsala, Sweden. Mwaka 1973 Gunnar Johansson aliweka nukta kama 12 za mwanga kwenye viungo vya mtu: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, nyonga, magoti na vifundo vya miguu, kisha akawaonyesha watazamaji nukta hizo tu katika giza. Mtu alipotulia, hawakuona chochote ila nukta zilizotawanyika. Alipoanza kutembea, walimtambua kuwa ni binadamu kwa muda wa chini ya sekunde moja. Watafiti wa Australia na Marekani waliendeleza jambo hilo barabarani usiku, wakaona kwamba madereva humtambua mtembeaji aliyefunga tepe zinazoakisi mwanga kwenye vifundo na magoti akiwa mbali kuliko yule aliyevaa kizibao chenye kuakisi kifuani peke yake. Kifua hakibembei, mguu hubembea, na mbembeo huo ndio unaomwambia dereva kwamba hicho si kibao cha barabarani bali mtu. Kwa hiyo mwenye kipande kimoja tu cha utepe asikishone mgongoni mwa koti. Akikate vipande viwili, avifunge juu kidogo ya viatu.

Limebaki suala la ushahidi. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, huko Marekani, waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana na kuwauliza yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa kwa neno la kishindo, kwamba magari "yalipopondana", walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa kwa neno la upole, kwamba "yalipogusana". Tofauti ilikuwa kama maili 9 kwa saa, kwa filamu zilezile. Kasi, kama tulivyoona, ni kitu ambacho jicho halikukipima vizuri tangu mwanzo, na kwa hiyo kumbukumbu yake hupindishwa kwa wepesi, hata na askari anayeuliza bila nia mbaya.

Ndiyo maana shahidi anayefika kituoni asione ajabu akiulizwa machache kuhusu mwendo na mengi kuhusu mahali. Gari lilikuwa limepita duka gani? Lilifichwa na nini kabla hujaliona? Wewe ulikuwa umesimama au unatembea, na ulikuwa unatazama upande upi? Ulisikia nini kwanza? Tunamsihi pia asizungumze na mashahidi wenzake juu ya kasi kabla ya kuandikisha maelezo, na asione haya kusema hakuona. Shahidi anayetuambia kwamba gari lilikuwa mbio sana ametupa hisia yake. Anayetuambia kwamba lilikuwa limekwisha kuupita mwembe aliposikia honi ametupa umbali ambao tunaweza kwenda kuupima kwa futikamba asubuhi hiyohiyo.